Mwana wa Kanada Nyuma ya Plaiwudi

Naseeb alikuwa ameketi kibarazani kwa fundi cherehani, mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, akingoja mvua ikatike na riziki ishuke, alipomwona bibi mmoja akiingia duka hili na kutokea lile, karatasi mkononi. Kila aliyepewa ile karatasi aliisoma, akatikisa kichwa, akamrudishia mwenyewe.

"Anataka kumpigia mwanawe Kanada," fundi akamwambia. "Simu hana. Na wenye simu wanasema salio lao haliwezi kufika huko."

Mtu mwingine angemhurumia bibi wa watu. Naseeb naye alimhurumia, tusimsingizie; ila huruma yake ilikuwa na desturi ya kutafuta kwanza chumba cha kupanga.

Wiki haikuisha. Alipata chumba nyuma ya fundi, kompyuta aliyoinunua kwa mtu, intaneti, na kibao cha rangi nyekundu: HUNA SIMU? PIGA ULAYA NA AMERIKA HAPA.

Jambo la kusikitisha ni kwamba biashara ile ilikuwa ya kweli. Kompyuta ilipiga, watu walipokea, wateja walitoka wakifuta machozi ya furaha na kumwombea Naseeb maisha marefu. Naseeb akakosa raha. Miaka kumi na miwili ameishi kwa ulimi wake. Amewahi kuuza dawa ya kuotesha nywele ilhali kichwa chake mwenyewe kinang'aa kama sufuria ya harusi. Leo aje kuzeeka katika uaminifu? Angeiweka wapi sura yake mbele ya wenzake?

Bahati nzuri ikapatikana kasoro: mtu wa ng'ambo asipopokea, mteja halipi. Hapo Naseeb akaona kipaji chake kinaitwa. Akakigawa chumba kwa plaiwudi, na nyuma yake akamketisha Maulidi, mnadi wa mitumba, mwenye koo linaloweza kutoa sauti ya askofu au ya mtoto mwenye mafua. Waya ukapitishwa chini, kutoka kwenye kipaza sauti cha Maulidi hadi kwenye spika ya mezani. Kuanzia siku ile, hakuna ndugu wa ng'ambo aliyekosa kupokea.

Ndipo yule bibi akaja, kajifunga khanga juu ya sweta, miguu ina matope ya kijijini kwake, Nkunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Elina. Nimeambiwa kwako Kanada ni hapo tu."

"Hapo tu, bibi. Ukipiga chafya wanakuitikia."

Akaipokea karatasi, akalisoma jina la mwana kwa sauti ili lifike nyuma ya plaiwudi. Namba ilikuwa imepungukiwa tarakimu moja. Mtoto wa darasa la tatu angeona. Muungwana angesema. Naseeb akabonyeza vitufe kwa madaha, akakohoa mara mbili, na kukohoa huko ndiko kulikomwamsha Maulidi.

"Haloo, mama! Ni mimi, Andongwisye!"

Bibi Elina akaishika spika kwa mikono miwili kama anayeshika uso wa mtu. Akaanza kusema. Alisema kwa Kinyakyusa, mfululizo, bila kituo, akashusha sauti, akapandisha, akauliza jambo, akanyamaza kungoja jibu.

Nyuma ya plaiwudi kukawa kimya. Babu yake Maulidi alikuja kutoka Kilwa, na Kinyakyusa chote alichokirithi mjukuu ni salamu na bei ya mkungu wa ndizi.

"Mama," ikatoka sauti, jasho likisikika ndani yake, "huku tumekatazwa lugha za nyumbani kwenye simu. Serikali inasikiliza. Sema Kiswahili."

"Hee! Kanada wanajua Kiswahili?"

"Wameanza kujifunza."

Bibi Elina akaivuta spika karibu. Kisha akasema kwa Kiswahili kwamba shemeji yake, Ambindwile, anataka kuuza shamba la parachichi aliloacha marehemu baba, na anadai mwenye shamba ni Andongwisye, si mama. "Utakuja lini uyamalize, mwanangu?"

"Mwaka huu siwezi, mama. Kazi nyingi."

"Basi. Ndaga fijo," akashukuru, akalipa, akainama kupita mlangoni. Naseeb alimtazama anavyokwenda taratibu kwenye ukungu, akahisi kitu kikimchoma chini ya mbavu. Akaamua ni njaa. Akala chapati mbili, hakikuondoka.

Siku ya tatu akaja Ambindwile mwenyewe, mtu mnene, koti limembana, na nyuma yake beberu mweusi kwenye kamba.

"Nasikia shemeji yangu aliongea na mtoto hapa. Mimi namba yake sina miaka yote hii, na yeye ameipata. Nikajiuliza ni Kanada gani hiyo." Akacheka. "Sikiliza, Naseeb. Alhamisi naleta wazee wa ukoo. Tutapiga simu mbele yao. Ningependa huyo kijana aseme: shamba namwachia baba mdogo, auze. Unanielewa?"

"Mzee, mimi ni mtu wa mitambo tu. Siwezi kumwekea mtu maneno kinywani."

Ambindwile akamfunga beberu kwenye mguu wa meza.

"Ila mitambo," Naseeb akasema, "huwa inasikia ushauri."

Alhamisi chumba kilijaa. Wazee watatu wakaketi kwenye benchi, Bibi Elina kwenye kiti, Ambindwile akasimama katikati kama bwana harusi. Mlangoni alikuwepo mwanamume wa miaka arobaini hivi, ndevu nzito, amevaa jaketi la baridi kali na kofia ya sufu. Naseeb alimdhania mteja, akamwambia asubiri zamu yake.

Akakohoa mara mbili.

"Haloo, wazee wangu! Ni Andongwisye. Nimefikiri sana. Shamba namwachia baba mdogo Ambindwile, aliuze atakavyo. Mama asihangaike."

"Mmesikia wenyewe!" Ambindwile akapiga makofi. "Sikusema mimi!"

Bibi Elina hakulia wala kupandisha sauti. Akageuka mlangoni. "Mwanangu, ingia, baridi isikupige. Umesikia ulivyosema?"

Yule mwenye ndevu akavua kofia. "Nimesikia, mama. Nilikuwa sijui kama nimeuza shamba."

Naseeb anasema mpaka leo kwamba katika maisha yake ya utapeli amewahi kufukuzwa na mbwa na kumwagiwa uji, lakini hajawahi kuona aibu yenye miguu, imesimama mbele yake, imevaa jaketi la Kanada. Beberu akalia. Nyuma ya plaiwudi Maulidi, asiyeona kinachoendelea, akaendelea kwa bidii: "Na baba mdogo mpeni na jogoo!"

Mzee mmoja akanyoosha fimbo akaisukuma plaiwudi. Ikaanguka polepole, na Maulidi akaonekana amekumbatia kipaza sauti, amejifunika blanketi kama aliye kwenye baridi ya Kanada, ili sauti itoke vizuri.

Ambindwile aligeuka rangi ya majivu. Mtoto wa kaka yake alikuwa hajamwona tangu kijana aondoke akiwa na miaka kumi na minane, na hakuwa na ujasiri wa kumtazama usoni. Akakiri mbuzi, akakiri shamba, akakiri hata mambo ambayo hakuulizwa. Wazee wakaamua palepale kwamba shamba ni la Elina, na kwamba beberu ni ushahidi. Jioni ile ushahidi ukaliwa na ndizi.

"Na wewe," mwenye ndevu akamwambia Naseeb, "njia ni mbili. Twende polisi, au hii kompyuta iende Nkunga, wajane wapige simu bure."

Naseeb hakungoja kuulizwa mara ya pili. Akatoa kompyuta, akatoa chaja, akatoa na spika. Akatoa hata neno la siri, akaliandika kwa herufi kubwa.

Baada ya wiki tatu jino la nyuma likamtesa, akaenda hospitali ya Makandana kung'olewa. Alipotoka, shavu limevimba, pamba kinywani, ganzi imemkamata hadi sikio, akamwona mtu mwenye ndevu akipima ndizi kwenye duka la jumla, amevaa aproni. Akamsogelea.

"Andongwisye?" Alijaribu, likatoka "Adongishe."

Jamaa akacheka sana. "Kaka, mimi Nelson. Bibi Elina ni shangazi yangu. Andongwisye hajatia mguu hapa miaka ishirini na mbili! Mchungaji wa kanisani kwake ndiye aliyeirekebisha ile namba iliyopungua, wakampigia, naye akasema hajawahi kuongea na mama yake kwa Kiswahili tangu azaliwe. Shangazi akaniambia, Nelson, fuga ndevu. Jaketi tuliazima. Wazee wote walijua. Asiyejua alikuwa Ambindwile, na nyie wawili."

Naseeb, ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya polisi wala mbele ya mama mkwe, alikuwa nalo jibu safari hii, tena tamu, lenye kejeli na msamaha ndani yake. Akafungua kinywa alitoe.

"Mwaa," akasema, na pamba ikaanguka.

Nelson akamwokotea. "Shangazi anakusalimu sana," akasema. "Kompyuta yako inasikika vizuri."