Koti la Nyanya na Ng'ombe Aitwaye Krismasi

Jumatatu, 9 Juni
Ofisini saa mbili kasoro dakika kumi, kama kawaida. Nimechapa nakala arobaini za somo la wanafunzi wa udaktari wa mifugo. Tabia na Ustawi wa Mnyama. Nimelichapa mara nyingi hadi nimelikariri. Ng'ombe humtambua mtu kwa sauti, sura na harufu. Hapendi kushtuliwa. Akiogopa, maziwa hayashuki. Koma zote ziko mahali pake.

Saa tano, simu ya Mjomba Kaimenyi kutoka Kianjai. Habari mbaya! Tangu Nyanya Peninah apelekwe Embu kwa shangazi kutibiwa goti, Krismasi amekataa kukamuliwa. Siku kumi sasa. Jana alitoa kikombe kimoja, kisha akakipiga teke. Mjomba ameshasema na mwenye bucha mmoja wa Majengo. Gari litakuja Jumamosi asubuhi.

Krismasi! Aliyezaliwa siku ya sikukuu, mimi nikiwa kidato cha kwanza. Maziwa yake ndiyo yaliyonilipia chuo. Nyanya hajaambiwa. Shangazi anasema akisikia atarudi kwa miguu, na goti lenyewe lina nyuzi.

Nimeamua. Nitalala Kianjai wiki hii. Nitamkamua mimi.

Kuna tatizo dogo. Ninaogopa ng'ombe.

Jumanne, 10 Juni
Muchangi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alinikuta kwenye mashine ya nakala nikijizoeza kukamua vidole vya glavu. Ametoka pande za chini za Embu, amekua na mbuzi, na haachi kutukumbusha. Akasema, "Karani, ng'ombe hasomi hizo karatasi zako." Wenzake wakacheka. Nikamwambia arudishe stepla ya ofisi.

Jioni, Kianjai. Baridi na ukungu. Nyuma ya mlango wa jikoni nikaona koti la buluu la Nyanya, lile la kukamulia. Nikaliweka usoni. Moshi, maziwa, nyasi mbichi za nepia, mafuta ya kupaka chuchu. Nilikuwa tena na miaka saba, nimejificha humo ndani mvua ikinyesha, yeye akimkamua mama yake Krismasi huku ananung'unika maneno yake ya chini chini. Nilidhani anasali. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kikombe cha bati upande wa pili wa lango. Povu lilinifika puani.



Kisha wazo! Nivae koti hili. Krismasi atadhani mimi ndiye Nyanya. Sura na harufu, kama somo lisemavyo. Lakini kola! Mtu aliyesoma hawezi kuvaa kola chafu kama ile. Nimelifua mara mbili kwa sabuni ya unga, nikalikausha juu ya jiko la mkaa, nikalipiga pasi. Linanukia waridi.

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi. Koti, kitambaa cha kichwa cha Nyanya, gambuti za Nyanya. Nikaingia zizini nikitembea kwa kuchechemea kidogo, kwa ajili ya goti. Krismasi akaninusa. Akapiga chafya. Ndoo ikaruka hadi kwenye nepia.

Sikumbuki nilivyopanda juu ya ua. Mjomba Kaimenyi alikuja akatazama kwa utulivu. Aliuliza kama shosho huyu mpya atashuka, ama aletewe chai huko juu.

Maziwa: hakuna.

Alhamisi, 12 Juni
Sauti! Somo linasema sauti. Jioni nikampigia Nyanya, nikaweka simu kwa spika, nikaifunga kwenye nguzo ya zizi. Nyanya akauliza kama ninakula. Akauliza mbona ninahema kama mtu aliyekimbizwa. (Nilikuwa juu ya ua tayari, kama tahadhari.)

Masikio ya Krismasi yakainuka. Akalia, mlio mrefu wa chini.

Nyanya akauliza, "Mutegi, huyo si Krismasi?" Nikamwambia ni televisheni. Akasema katika nyumba ile hakuna televisheni.

Krismasi akavuta kamba, ikakatika. Akapita chini yangu bila kunitazama, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Akasimama, kidevu kwenye kitasa. Akangoja.

Nami nikangoja, juu ya ua. Mlango haukufunguliwa. Kila asubuhi ya utoto wangu ulifunguka saa kumi na mbili, na moshi ukatoka kabla ya Nyanya.

Nikasema mtandao umepotea, nikakata simu. Machozi yalinitoka. Jiko halijawashwa, kwa hiyo siwezi hata kusingizia moshi.

Ijumaa, 13 Juni
Nikamweleza Muchangi yote, nikimwapisha asiseme. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akasema niache maigizo, niketi karibu na ng'ombe, nitulie, basi. Nikamjibu kwamba tunahitaji jambo la kitaalamu. Akasema hilo liko ukurasa wa pili wa yale niliyoyachapa. Nikaangalia. Kweli liko. Pambizo zimenyooka vizuri sana.

Nilifika Kianjai nimechelewa, moja kwa moja kutoka ofisini, sikubadili hata nguo. Mjomba alikuwa ameshaandaa kamba ya kupandishia garini. Hapo nikaingia zizini. Nikaketi kwenye kigoda cha Nyanya, si kwa ujasiri, kwa kukosa pa kuanguka.

Nikamwambia Krismasi samahani. Nikamwambia koti nililifua mimi. Nikamkumbusha kile kikombe cha bati chenye pengo ukingoni, na jinsi Nyanya alivyokuwa akimfutia kiwele kwa maji ya moto wakati sisi watoto tulioga ya baridi. Nikamwambia mkuu wa ofisi ananitisha. Nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake, kama Nyanya. Pana joto hapo. Sikujua miaka yote hii.

Kitu kikadondoka kwenye kiatu changu. Maziwa!

Mikono ikajua la kufanya, labda kwa miaka ya kutazama kupitia lango. Lita sita!

Jumamosi, 14 Juni
Mwenye bucha alifika na gari. Nikakamua mbele yake, lita tano na nusu. Akanywa chai ya maziwa vikombe viwili, akaondoka mikono mitupu. Mjomba amekubali Krismasi abaki hadi Nyanya arudi mwisho wa mwezi, mradi kila siku atoe maziwa. Jioni nitakamua mimi. Asubuhi, nikiwa safarini kwenda kazini, atakamua yeye.

Kwa hiyo lazima nijue siri ilikuwa nini. Nimechora jedwali. Kigoda: kilekile. Ndoo: ileile. Maneno: porojo tu, hayana uzito. Tofauti ya Ijumaa ni moja. Nilikuwa nimevaa tai ya ofisi! Na leo pia niliivaa. Ushahidi mara mbili! Ng'ombe anaheshimu ofisi. Kwa nini hakuna mtaalamu aliyeliona hili?

Jumapili, 15 Juni
Alfajiri nilimfunga Mjomba tai. Akaingia zizini kwa kelele, fimbo mkononi, akimwita Krismasi majina. Teke la paja. Sasa amelala kifudifudi na hataki kuzungumza juu ya tai.

Nikampigia Nyanya, nikakiri yote. Hakukasirika. Akasema, "Keti naye tu, mjukuu wangu. Umpigie hadithi." Nikamuuliza kama ndizo zile sala zake. Akacheka hadi shangazi akachukua simu kuuliza kuna nini. Sala gani! Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwasimulia Krismasi na mama yake mambo ya majirani.

Maskini Nyanya. Dawa za goti zimemchanganya.

Nimeichunguza tai, na kosa nimelipata. Ina jasho langu la wiki nzima, na mbavuni mwa Krismasi imeshika harufu ya zizi. Ng'ombe gani atavumilia hayo? Nimeifua mara mbili, nimeipiga pasi. Kesho Mjomba ataivaa ikinukia waridi.