Bibi Kupita Juu ya Paa Letu

Jumatatu, 3 Machi
Simu ya Mama imetumbukia kwenye ndoo. Sikuisukuma, iliteleza yenyewe! Ndani mlikuwa na tiketi ya Bibi: Jumatano saa nne asubuhi anaruka kutoka kwa Mjomba kwenda kwa Mama Mdogo. Saa ya kufika sikuisoma. Na ni mimi niliyeagizwa kumwambia Mama Mdogo aende lini uwanjani. Bibi hajui neno la lugha ya kule. Nikiuliza, nimejichongea. Mama nimemwambia simu inachajiwa kwa fundi redio. Iko kwenye mchele.

Jumanne, 4 Machi
Akili ninayo! Nimechukua uzi wa cherehani ya Mama, nikapima ramani ya ukutani. Mjomba yuko mwisho kabisa kulia, Mama Mdogo mwisho kushoto. Vidole ishirini na viwili. Fundi redio aliwahi kupanda ndege: safari yake kwenye ramani ni kidole kimoja, na ilichukua saa mbili. Basi saa arobaini na nne! Nimemtumia Mama Mdogo ujumbe kwa simu ya fundi: Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.

Mdogo wangu, yule tunayemwita Profesa, kaja na chungwa. Ati dunia duara, ndege itapita upande wa nyuma. Nikamuuliza nyuma ya ramani kuna nini. Jiko!

Jumatano, 5 Machi
Uzi unapita juu ya mtaa wetu! Nusu ya safari ni kesho saa mbili asubuhi. Nimetangaza nyumba kwa nyumba: njooni tumpungie Bibi. Profesa nimemtengea nafasi nyuma ya tangi la maji.

Alhamisi, 6 Machi
Watu kumi na tisa juu ya paa. Mama kavaa gauni la harusi ya jirani, ambalo jirani bado hajalichukua. Saa mbili kamili, mwewe. Tukampungia mwewe.

Simu ya fundi ikalia. Bibi! Akauliza kelele za nini. Nikasema tunakupungia, Bibi. Akasema niwapungie wendawazimu wenzangu. Yeye yuko kwa Mama Mdogo anakunywa chai. Alikaa saa sita juu ya sanduku lake uwanjani, hadi mfagiaji akamwazima simu akampigia Mjomba. Ati nikikanyaga kwake, nije na mgongo wa akiba.

Mama akauliza, polepole mno, simu yake iko wapi. Profesa akaleta mchele.

Ijumaa, 7 Machi
Nalala kifudifudi. Profesa kaeleza, huku anakula chungwa: safari ilikuwa saa kumi na tatu tu, na Bibi aliondoka Jumatano saa nne, akavuka mstari wa tarehe baharini, akafika Jumatano hiyohiyo saa kumi na mbili asubuhi ya kule. Yaani alifika kabla hajaondoka!

Mbona hawakusema mapema? Nikimpandisha Mama ndege hiyo mara ishirini na tano mfululizo, atashuka Jumatatu, simu bado nzima.

Naanza kupima. Safari hii kwa waya. Uzi ulivutika.