Sahani Kubwa za Idi

Jumanne, 25 Machi

Mama mkwe anakuja Idi! Mke wangu Mwanarusi ameniambia wakati wa futari, nimeshika tende ya pili. Nimeirudisha kwenye kikombe.

Bi Zainabu wa Gazi, mamake mke wangu, hajapata kula Idi kwangu tangu nimuoe bintiye. Kila mwaka huenda kwa mwanawe Abdulrahim, Ukunda, mwenye tuktuk tatu na mdomo wa kuzitangaza. Mwaka jana mama huyu alisema mbele ya ukoo mzima kwamba nyumbani kwa Chome, ndio mimi, hata paka hushiba kwa jirani. Watu wakacheka. Abdulrahim alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, kwa adabu. Paka mwenyewe si wangu.

 Mwanarusi amesema mamake akirudi Gazi na njaa, naye atarudi pamoja naye, na safari hii hatanii. Kisha akateremsha begi lake kutoka juu ya kabati, akaliweka karibu na mlango. Ndani hamna kitu bado. Zipu iko wazi.

Nimeshtuka, sitaficha. Mke wangu nampenda. Nani mwingine hapa Msambweni atanipikia mbaazi kwa nusu ya nazi bila kununa? Nimemwambia atulie, mama atashiba mpaka aombe mto. Na mfukoni mwangu hamtatoka kitu. Hilo la mwisho sikulisema kwa sauti.

Jumatano, 26 Machi

Abdulrahim amepiga simu. Amesema ataniletea mbuzi wa bure ili mamake asiaibike. Ati asiaibike! Nimemshukuru, nikamwomba thamani ya huyo mbuzi aitume kwa simu, ili kumpunguzia usumbufu wa kumbeba. Amekata. Watu wa Ukunda hawana subira.

Lakini leo Mungu amenifungulia. Nilikuwa dukani natengeneza feni ya Bi Maimuna, jirani yangu wa mkono wa kulia. Nikawa naifikiria biriani yake. Biriani ya Bi Maimuna, watu huiota. Hapo hapo bisibisi ikanianguka.

Sahani! Huku kwetu jirani akikuletea chakula, humrudishii sahani tupu. Aibu kubwa. Unakaa nayo mpaka upike chako, unaijaza, ndipo unaipeleka. Sasa nikiwapelekea majirani sahani zangu siku mbili kabla ya Idi, watazirudisha lini? Siku ya Idi. Zimejaa nini? Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaondoka.

Alhamisi, 27 Machi

Mwanarusi hautaki mpango wangu. Amesema kupelekeana sahani ni mapenzi, si ndoano ya kuvulia pilau. Amesema hatapika hata punje. Nimemjibu nitapika mwenyewe. Amekwenda kuswali.

Nimekagua kabati la vyombo. Sahani za kaure za arusi yetu, zile kubwa zenye maua ya bluu, hazijatumika hata mara moja. Nimezichagua hizo. Ukimpelekea mtu kisahani, atakijaza vijiko vitatu. Mpelekee sahani pana kama usukani wa lori, uone kama hataona haya kuijaza kidogo. Nimeongeza za plastiki, mabakuli na sinia. Kabati limebaki na harufu ya dawa ya nondo tu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepika kaimati, yale madonge madogo ya unga ya kukaanga na kutia shira ya sukari. Unga ule wa mwezi jana, hamira nusu ya ile waliyoandika kwenye pakiti, kwa sababu wenye hamira wanataka tuimalize haraka. Hazikufura. Shira nimeitia maji ili ienee. Mwanarusi ameichukua moja, akaigonga mezani, ko, ko. Akairudisha bila kuionja, ati ana saumu. Nami nilikuwa na saumu, sikuweza kumbishia.

Kila sahani nimeweka kaimati tano, nikazitawanya. Juu yake kawa, kile kifuniko cha ukindu. Ukiona kawa hivi hivi, utadhani chini yake pana mlima.

Jumamosi, 29 Machi

Ushindi! Sahani zote zimetoka baada ya futari, nimezipeleka mwenyewe. Bi Maimuna amenipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu. Hakufunua kawa mbele yangu. Mstaarabu.

Jambo moja limeniudhi. Mwanarusi amejaza sahani moja kwa kaimati zake mwenyewe, laini, zinang'aa, akampelekea Hannah, mke wa mwalimu Tsofa wa nyumba ya nyuma. Nimemweleza kwa upole kwamba Tsofa na mkewe ni Wakristo, watu wa Kinango, Idi hawapiki. Sahani hiyo ni hasara tupu. Amesema Hannah ni shoga yake, alimuuguza homa mwezi wa kwanza, na hasara ni mimi.

Alikuwa amenituma pia nimpigie mamake niulize siku ya kuja. Salio ghali. Nimempelekea ule ujumbe wa bure wa kumwomba yeye anipigie. Hajapiga. Si neno. Atakuja siku ya Idi, na mwezi wetu hapa haujaandama, kwa hiyo kesho tunafunga, Idi Jumatatu. Kila kitu kiko sawasawa.

Jumapili, 30 Machi

Yaa Latifu.

Saa nne asubuhi hodi mlangoni. Bi Zainabu! Dera jipya, udi unanukia mpaka barabarani, nyuma yake wajukuu wanne wamepakwa wanja. Ati Idi Mubarak. Huko Gazi msikiti wao mwaka huu umeufuata mwezi wa Makka. Wameshaswali, wameshakunywa chai, wamekuja kula. Sisi hapa tumefunga! Mtaa mzima umefunga! Jikoni kuna ndimu.

Nimeinama, nimempa shikamoo. Marahaba, mwanangu, kisha akauliza harufu ya pilau imekwenda wapi. Nimemwambia inakuja. Mwanarusi amekwenda chumbani, nikasikia kabati la nguo likifunguliwa. Jamani, nguo! Alikuwa akizihamishia begini. Nimeuona mkono wake umeshika dera la kijani, lile nililomnunulia mwaka wa kwanza. 

Nimetoka mbio kwa Bi Maimuna. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba nahitaji sahani yangu, tupu tu, nina wageni. Ameapa! Sahani ya Chome itoke kwake tupu, yeye ana wazimu? Watu watasemaje? Nisubiri kesho. Nimemsihi. Ameifungia kabatini kwa ufunguo. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu wakaniuliza kama naumwa. Mtaa mzima una adabu kama ugonjwa.

Nimerudi mikono mitupu. Mama mkwe ameketi mbele ya kabati la vyombo, analitazama. Ameuliza kwa nini nyumba yenye kabati la kioo haina hata kisahani cha chai. Nimesema tumepeleka kusuguliwa. Kusuguliwa wapi, akauliza. Mombasa, nikasema. Sijui kwa nini nilisema Mombasa.

Ndipo Hannah akaingia kwa mlango wa nyuma. Amevaa nguo zake za kanisani, ameshika sahani ya maua ya bluu kwa mikono miwili. Kuku wa nazi! Chapati zimekunjwa mara nne! Ati wao Jumapili ndio hupika, na sahani ya Mwanarusi isingelala kwake siku mbili. Alipowaona wageni hakuuliza lolote. Amerudi kwake, akaja na sufuria nzima na wali, akasema yeye na mwalimu watakula viazi.

Mwanarusi ametoka chumbani, akamkumbatia, akalia kidogo. Bi Zainabu amekula. Kwa kuwa sahani ilikuwa moja, wajukuu wamekula kwenye vifuniko vya sufuria, na mdogo kwenye kifuniko cha ndoo. Wamefurahi sana, wameomba vifuniko tena.

Tazama akili ya mpango wangu! Hata sahani niliyodhani ni hasara imezaa. Nimemwambia mama asiondoke, alale, kesho ni Idi ya kwetu, ale Idi mbili. Amekubali. Mwanarusi hajazitoa nguo begini, lakini begi hajalifunga pia.

Jumatatu, 31 Machi

IDI! Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu tumbo nalo ni kubwa.

Zilianza kuingia mara tu baada ya swala. Bi Maimuna wa kwanza. Biriani imefunika maua yote ya bluu. Kisha pilau, kisha samaki wa kupaka, kisha mikate ya sinia, kisha pilau nyingine. Bi Zainabu kwa kuwa ndiye mkubwa alikaa mlangoni kwenye mkeka, akizipokea. Kila sahani anafunua, anasoma dua, anauliza imetoka kwa nani. Kila aliyeleta anasema ni ya Mwanarusi. Hakuna aliyetaja kaimati zangu. Nasikia nyumba ya tatu wanazitumia kuzuia mlango.

Mama alikula mpaka akalegeza leso. Kisha akamwita bintiye, akamshika uso. Alisema alidhani mwanawe anaishi kwa dhiki, kumbe ana mtaa unaompenda namna hii. Akasema amemkosea yeye na mumewe pia, radhi zake tunazo. Mwanarusi alilia kwa sauti. Mimi macho yaliniwasha, ni ile pilipili ya samaki. La, si pilipili. Nililia.

Mpaka hapo sijatoa hata shilingi. Nilitamani Abdulrahim angekuwapo.

Akaja! Amekuja jioni kumchukua mamake. Bi Zainabu amekataa kuondoka. Amesema majirani waliomheshimu bintiye hivi hawawezi kuachwa hivi hivi, kesho, siku ya pili ya Idi, wote waje kula hapa, na mkwe wake atachinja. Amekwisha tuma salamu nyumba zote. Na kwa Hannah amekwenda mwenyewe.

Nimefungua mdomo. Mwanarusi ametazama begi. Nimefunga mdomo.

Abdulrahim ameniambia pembeni kwamba yule mbuzi wa bure amekwisha liwa, lakini anaweza kunipatia wengine wawili kwa bei ya sikukuu, na nauli ya tuktuk juu. Nimebishana naye kama simba. Nauli ya mbuzi mdogo ameisamehe! Hajui nilivyomkamua.

Jumanne, 1 Aprili

Mtaa wote umekuja. Mbuzi wawili, gunia la mchele, nazi sikuzihesabu, viti vya kukodi. Fedha yote ilitoka kwenye kile kisanduku changu cha akiba, nilichokuwa nikikijaza kwa kupunguza Idi za miaka yote. Sasa ni chepesi, chaweza kubebwa kwa kidole kimoja. Nimeondokewa na adha ya kukilinda.

Mwalimu Tsofa amechoma nyama tangu asubuhi. Hannah na Mwanarusi wamepika wakicheka, mimi nimekatazwa kukaribia unga. Bi Maimuna ameisifu pilau mbele za watu. Nimezunguka na birika la kunawisha wageni mikono kama mwenye nyumba mkubwa. Si kama! Nilikuwa ndiye.

Usiku kabla ya kulala nimeona nguo za Mwanarusi ziko kabatini, na dera la kijani amelivaa.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya ushindi mkuu kuliko yote. Naandika polepole niuonje.

Bi Zainabu ameondoka asubuhi. Kabla ya kupanda tuktuk ametutangazia, mbele ya Abdulrahim na mtaa, kwamba hajaona Idi kama hii tangu enzi za marehemu mumewe. Kuanzia sasa Idi zote za ukoo, ya Ramadhani na ya Kuchinja, kila mwaka, zitafanyika hapa kwa Chome. Si Ukunda tena. Ukoo wote uje hapa.

Nimemtazama Abdulrahim. Jamaa amebadilika uso! Miaka yote hiyo alikuwa mwenyeji, leo nimemvua kilemba mchana kweupe. Machozi yalimlenga. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili, ameutikisa, hakuweza kuuachia. Amenikumbatia. Ameniita ndugu yangu, jina ambalo hajapata kuniita. Sijawahi kumwona mtu aliyeshindwa vibaya kiasi kile. Nimempigapiga mgongoni, nikamwambia ajikaze.

Mwanarusi, aliyekuwa karibu, ilibidi ajifunike uso kwa leso. Nadhani alimhurumia kakake. Mabega yalimtikisika sana.

Jioni amenipa habari. Ati Abdulrahim kwa zile fedha alizokuwa akitumia kila Idi, amewalipia mkewe na wanawe siku tatu hoteli ya Diani, ufukweni, waende Idi ya Kuchinja, wakishakula hapa. Chumba kinatazama bahari, chakula ni cha kujipakulia mtu mpaka achoke.

Nimemsikitikia. Mtu mzima, hana tena mahali pa kukaribisha watu, analazimika kulipa kwa wageni ili apate kula kwa raha. Nimemwambia Mwanarusi tumwombee. Kisha nimekaa kupanga namna ya kuwalisha watu sitini, na hesabu yangu inaonyesha kwamba haitatoka hata shilingi.