Kidole Kwenye Hatua ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa tangu mke wangu ahamie kwa dada yake. Sababu: mluzi. Amplifaya niliyoiunda ina hatua tatu, kila moja ikikuza sauti inayopewa na iliyotangulia. Nguvu ya ajabu! Ila hupiga mluzi hata kisipochezwa kitu. Leo mke wangu amepiga simu. Atapita Jumamosi saa kumi. Akikuta kimya, anarudi. Akikuta mluzi, atatuma watu wachukue kabati lake.

Jumanne, 4 Machi
Fundi redio wa ng'ambo ya barabara kachungulia bila kualikwa. Eti sauti inarudi nyuma kwa kuchelewa, hatua zinachocheana. Eti niunge kapasita moja ndogo, kidude cha kutuliza umeme, kwenye hatua ya pili. Amplifaya itapungua kasi kidogo, lakini itatulia. Nipunguze kasi! Mimi! Kaniachia kapasita bure, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimeitupa kwenye kopo la misumari.

Alhamisi, 6 Machi
Ugunduzi! Nikigusa hatua ya pili kwa kidole, kimya. Nikiondoa, mluzi. (Umeme wa betri, hauumi.) Kapasita ya mtu sijatumia! Nikageuka nimsimulie mtu. Hapakuwa na mtu. Nimekula nimesimama. Nyumba hii ni kubwa mno kwa sahani moja.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tisa na nusu nimeketi, kidole mahali pake, wimbo anaoupenda unacheza. Saa kumi mke wangu akabisha hodi. Nikasema pita. Akasema mlango una komeo. Kweli, nililitia mwenyewe, yule fundi asije akaingia. Akauliza mbona siinuki. Nikamweleza habari ya kidole. Akauliza kwa nini nisiizime tu. Niizime! Halafu atajuaje kwamba imetulia? Nikamwomba asikilize palepale nje. Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Akasema, taratibu, kwamba mluzi angeuzoea. Kilichomshinda ni kukaa na mtu asiyeinuka. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi. Nimelia sana. Kidole sikukiondoa.

Jumapili, 9 Machi
Watu wamekuja na mkokoteni, wamechukua kabati. Nimewauliza kama alituma salamu. Hakutuma.
Nimetafakari siku nzima, kosa nimeliona: meza ya amplifaya ilikuwa mbali na komeo. Nimeisogeza mlangoni. Na pale lilipokuwa kabati, hatua ya nne itaenea vizuri kabisa!