Boksi la Droo, Rangi ya Moshi

Hariri alikuwa anapita tu. Hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu watu wa aina yake huwa hawaendi mahali, hupita. Mbele ya duka la zawadi alimsikia msichana akimwuliza mwenye duka kama hana kitu cha kisasa zaidi. Msichana akatoka mikono mitupu, na mwenye duka akabaki anayatazama mawaridi yake rafuni, kila moja limesimama peke yake ndani ya kuba ya kioo, kama mgonjwa aliyekatazwa wageni.

Yalikuwa mawaridi ya kweli, yaliyonyweshwa dawa yangali mabichi ili yasinyauke. Hukaa miaka miwili, mitatu yakitunzwa. Mwenye duka aliwaambia wateja miaka kumi, tena kwa sauti ya mtu aliyeisubiri yote. Ndiyo maana Hariri, aliyepewa jina hilo kwa ulaini wa ulimi wake, hakumwonea huruma. Usoni mwa mama yule aliona hofu ya kupitwa na wakati, na hofu hiyo ndiyo iliyomlisha tangu ujana.

Akaingia, akaamkia kwa heshima, akaizunguka rafu mikono iko nyuma. Akaguna.

"Unaguna nini, kaka?"

"Sijaguna, mama. Nimesikitika."

Akajitambulisha kuwa mshauri wa vifungashio. Akaeleza kwamba siku hizi watu hawanunui ua, wananunua namna ya kulifungua. Kuba inaonyesha kila kitu mara moja, mpokeaji hana la kungoja. Kinachotakiwa sasa ni boksi la droo: unavuta utepe, linateleza polepole, ua linachungulia kama bibi harusi. Na rangi ni ya moshi. Nyekundu imekwisha. Ya dhahabu asiitaje mbele za watu.

Hayo yote aliyabuni palepale. Meza ya mwenye duka ilikuwa na droo, na nje lori lilikuwa linatoa moshi. Akili yake haikwenda mbali zaidi ya hapo.

"Nani kasema?" mwenye duka akauliza.

"Mimi sisemi, mama. Soko linasema, mimi natafsiri tu."

Kwa upendo tu, akasema, angezichukua kuba zote pamoja na maua yake, na kumletea maboksi ya droo badala yake, boksi moja kwa kila kuba. Yangeuzwa mara tatu ya bei. Aliposikia mara tatu, mwenye duka alianza kutafuta kamba ya kufungia mzigo, na nauli akatoa yeye.

Kabla jua halijasimama kichwani, kuba zilikuwa upande wa pili wa mji, kwa mwenye saluni aliyeuza zawadi pembeni ya vioo vyake. Huyo aliambiwa kwamba droo zimepitwa na wakati, mji mzima unalilia kuba. Akalipa bila kupumua.

Sasa, usidhani Hariri alitaka fedha hizo kwa anasa. Alitaka mke. Mkewe alikuwa amehamia kwa kaka yake, akisema hatarudi mpaka aone ufunguo wa duka, duka lenye mlango na kibao, si maneno. Nyumba ilikuwa kimya tangu hapo. Hariri aliweza kumdanganya kila mtu mjini isipokuwa kitanda kitupu.

Basi akaenda kwa shemeji yake kujigamba. Uani kulinuka gundi, lakini Hariri hakuwahi kuuliza shemeji anafanya kazi gani. Kujua kwamba anafanya kazi kulitosha kumchosha. Akamsimulia mkewe kisa kizima, kuba kwa droo, huku akijipiga paja. Chumba cha duka amekwisha kukiona, akasema, Jumapili ataleta ufunguo. Mke alicheka kidogo, mwanya wake ukaonekana. Akauliza jambo moja tu: moshi wenyewe ni mweusi au wa kijivu?

"Wa kijivu," alisema Hariri, kwa uhakika wa mtaalamu.

Kesho yake alikuwa njiani kumwona mwenye chumba hicho cha duka, fedha mfukoni. Fundi viatu akamsimamisha kumwuliza kama anajua panapouzwa maboksi ya droo. Hariri akacheka moyoni: uongo wake umeota miguu. Mbele kidogo, mama mmoja alikuwa analalamika dukani kwamba amezunguka mji mzima na hakuna boksi la rangi ya moshi, ya kijivu jamani, mnaishi dunia gani? Hariri hakucheka tena. Akaanza kutembea polepole.

Mwongo mkubwa ana udhaifu wake. Maneno yake mwenyewe akiyasikia kinywani mwa mtu mwingine, huyaona habari. Labda, alijiambia, hakubuni. Labda alikuwa na kipaji muda wote na hakujua.

Alipokata kona akakutana na mzee anasukuma mkokoteni uliorundikwa maboksi ya droo, ya kijivu, yenye utepe. Mzee alisema hayauzi, yana mwenyewe. Hariri akambembeleza. Mzee akakataa, akajifuta jasho, akasema yeye ni mtu mwaminifu. Hariri akamwaga mfuko wote, na mzee akaacha kuwa mwaminifu.

Chumba cha duka kingengoja kidogo. Faida ingelipa viwili. Kwa mara ya kwanza maishani, Hariri alimpelekea mtu kile alichomwahidi. Alilitua boksi la kwanza mezani kwa mwenye duka la zawadi, akavuta utepe. Likateleza vizuri mno.

Mwenye duka alilitazama kwa huruma.

"Droo, kaka? Bado uko kwenye droo?"

Asubuhi ile, alieleza, alipita mshauri mwingine, mwanamke nadhifu, mwenye adabu. Droo zimekwisha. Zimerudi kuba, ila ni zile zenye utepe mweusi shingoni. Alikuwa nazo, amemwuzia zote. Na kweli zilikuwa pale rafuni. Hariri alizitambua moja moja, hata ile yenye mkwaruzo. Kilichoongezwa ni utepe.

"Mshauri huyo," aliuliza taratibu, "ana mwanya?"

"Mzuri sana," alisema mwenye duka.

Nyumbani kwake mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa amekaa juu ya rundo la maboksi mengine ya droo, ya kijivu, miguu inaning'inia, anakula karanga. Maboksi, alimweleza, ni ya kaka yake; mteja aliyeyaagiza alikimbia, yakajaza karakana mwaka mzima. Kuba alizipata kwa mwenye saluni kwa bei ya chee, kwa kumwambia zimepitwa na wakati. Fundi viatu ni mjomba wake. Yule mama dukani ni shangazi. Mzee wa mkokoteni ni babu yake mdogo.

"Ungewajua wote," alisema, "kama ungekuja hata kwenye msiba mmoja."

Hariri alivuta utepe wa boksi lililo karibu; ndani hamna kitu.

Mkewe akatoa ufunguo kifuani, mpya, bado una mafuta. Kile chumba. Amekilipia sasa hivi kwa fedha za mume wake na za mwenye duka la zawadi. Kibao kina jina lake yeye. Hariri ameajiriwa, atauza maboksi ya droo, na maua yatawekwa ndani kweli.

Hariri alikuwa ameibiwa, tena vizuri, na kifua kilimjaa fahari kiasi cha kukosa pa kuiweka. Akakaa kando yake, akachota karanga.

"Niambie basi, mshauri," alisema. "Mwaka huu mtindo ni upi?"

"Mwaka huu," alisema mkewe, akimwekea ufunguo kiganjani na kumkunjia vidole, "mtindo ni kuamka mapema."