Bunduki Iliyokunywa Maji

Jumatatu, 21 Agosti 1905

Leo nimegundua kwamba nimepoteza miezi mitano. Miezi mitano nampelekea baba yake Zabibu ugoro, namsifia mbuzi wake, nacheka hadithi yake ya chui. Hadithi ni ile ile, mkia wa chui tu ndio unaorefuka. Leo nikaposa. Mzee akanitazama kwa huruma, akasema yeye ni baba tu. Kwao Wayao mwenye kauli ni mjomba. Baba tu! Na ugoro wote amekwisha kuunusa!

Nikaenda kwa mjomba, mzee Chande. Shikamoo, marahaba, nina haja. Kasema Salum muuza nguo naye kaposa, kaahidi majora kumi ya kaniki. Je, mimi Alfani nina nini? Nikasema nina bunduki. Ya Ulaya. Nilibadilishana na mwindaji wa tembo aliyekuwa akirudi Kilwa, nikampa punda wangu. (Kiwete, lakini hakuuliza.) Mzee kasema bunduki haikamuliwi. Niiuze, nilete ng'ombe wawili, naye Salum atapewa samahani zake.

Rahisi! Imebaki jambo dogo: sijui bunduki iliyokwisha tumika huuzwaje. Lakini aliyeiunda kaandika mwenyewe kwenye chuma, tarakimu za kupigwa: 1877. Rupia elfu moja mia nane sabini na saba! Hizo sabini na saba nitampunguzia mnunuzi. Mimi si mchoyo.

Jumatano, 23 Agosti

Nimeipeleka kwa Kajetani, fundi chuma wa misheni. Alipoisikia bei akaweka nyundo chini, akacheka, akaketi, akacheka tena. Kasema huo ni mwaka. Bunduki imezaliwa kabla yangu.

Akaikagua. Mtutu mzima. Kitako kimeliwa na mchwa. Kasema ingekuwa na chapa ya boma la Mdachi ingefika rupia arobaini. Kwa kuwa haina chapa, ni viboko ishirini na tano kwa atakayekamatwa nayo. Nikamuuliza kama viboko vinakatwa kwenye zile arobaini au vinahesabiwa mbali. Akaokota nyundo yake. Mafundi hawajui biashara.

Njiani nikakutana na Salum. Anatembea kama kawaida yake, polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Kaitazama bunduki, kasema atanipa rupia nne. Ina urefu mzuri wa kupimia kaniki.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimepanda mlima Matogoro kwa nduna, jumbe mmoja wa Wangoni, mpiganaji wa zamani, mwenye ng'ombe wengi. Nilifikiri mpiganaji hawezi kukataa bunduki. Kakataa. Kasema imekuja dawa ya maji kutoka upande wa pwani. Ukiinywa, risasi ya Mdachi inakuwa maji. Wataingia bomani wakijinyoosha, watachukua bunduki zote bure. Kwa nini anunue yangu?

Nikapiga hesabu papo hapo. Bunduki mia mbili za boma sokoni siku moja! Hata mimi nisingeinunua yangu.

Nimerudi kichwa kinazunguka. Dawa ikiwa ya kweli, bunduki yangu ni fito. Ikiwa ya uongo, bunduki ni mali. Ila wasioiamini dawa ni watu wa boma, na hao nikiwaonyesha watanichapa. Basi anayeweza kununua hataki, na anayetaka hanunui, anakamata. Nimechora mistari miwili mchangani, wa faida na wa hasara. Kuku akapita, akaifuta yote miwili.

Jumapili, 27 Agosti

Nimepata! Dawa inageuza risasi za Mdachi. Lakini haiwezi kugeuza risasi ya bunduki iliyokunywa dawa hiyo hiyo. Ndugu hawadhuriani. Itakuwa bunduki pekee Ungoni nzima inayopiga bado. Ng'ombe wanne!

Nikamfuata mgawa maji ya dawa, nikamuuliza bunduki inanywa kwa kiasi gani. Hajawahi kuulizwa. Akafikiri, kasema kila chenye mdomo hunywa kama mtu, pesa tatu. Nikalipa, nikapewa kibuyu. Nimetia risasi yangu moja, sina nyingine, nikasimamisha bunduki, nikaimiminia nusu kibuyu, nikaziba mdomo kwa gunzi la hindi. Ikae siku mbili, ndivyo alivyoagiza. Nusu iliyobaki nimeiweka. Kitu cha kulipia hakimwagwi.

Kajetani kapita, kauliza nimewahi kusikia habari za chuma na maji. Nikamwambia aache wivu.

Jumanne, 29 Agosti

Sijui niandike nini. Niandike kama ilivyokuwa.

Nilimwita nduna kwenye uwanja wa mzee Chande, aone bunduki inavyopiga. Kaja na vijana wake arobaini. Mzee Chande juu ya kigoda. Zabibu na wanawake wenzake kando. Iddi, mdogo wake Zabibu, mpenda mzaha, kanitegea chungu kikuukuu cha kulenga, akaniomba nisimpige yeye. Salum kaegemea mti, anatabasamu.

Nikachomoa gunzi. Nikaishusha bunduki haraka, nikalenga, nikavuta. Ka! Hakuna mlio. Kisha mtutu ukainama kidogo, maji yakatoka. Chururu. Kikombe kizima. Juu ya vidole vyangu vya mguu.

Watu wakavitazama vidole vyangu.

Ndipo Iddi akapiga ukelele: jamani, risasi imekuwa maji! Macho yetu yameona! Vigelegele. Nimebebwa juu juu. Nduna kalia machozi. Vijana arobaini wakatimua mbio kwa mgawa maji, Iddi mbele. Hata Salum, mtu asiyekimbia hata mvua, alikuwa wa tatu.

Nilifungua kinywa niwaambie maji niliyatia mimi. Hapo mzee Chande akanishika bega, akaniita mkwe. Nikakifunga.

Nikamuuliza nduna sasa atanipa ng'ombe wangapi. Kanishangaa. Kasema si nimeonyesha mwenyewe kwamba bunduki si kitu?

Alhamisi, 31 Agosti

Zabibu kaja kwangu. Hakusalimu. Kaingiza kidole mtutuni, kakinusa, kauliza nani aliyatia. Nikaanza habari ndefu. Akanikatiza, kasema amebeba maji tangu ana miaka sita, anajua yakimwagika na anajua yakimiminwa. Iddi anakwenda vitani kwa kuamini vidole vya miguu yangu vilivyolowa. Nimfuate, nimwambie. Nisipomwambia, nisipite tena mbele ya mlango wao.

Nikasema nikimwambia, mjomba hataniita mkwe tena. Kasema nichague. Nikasema nitachagua Jumamosi.

Jumamosi, 2 Septemba

Nimechagua. Nimekwenda kambini kwa nduna, nimemwambia Iddi kila kitu. Nusu kibuyu, gunzi, yote. Iddi kacheka, kawaita wenzake: njooni mumsikie shemeji, dawa imempitia mkononi naye anaona haya! Nikaapa. Wakacheka zaidi. Nikawaonyesha gunzi. Mmoja kalibusu, kauliza kama ninaliuza.

Nduna kaniomba nirudie ule mchezo mbele ya watu waliofika kutoka Madaba. Nikakataa kabisa. Nilikataa baada ya kuuliza kama kuna malipo.

Iddi kanisindikiza hadi mtoni. Kaniambia nikamwambie dada yake asilie, atamletea bunduki ya boma ya kuchochea moto.

Jumatano, 6 Septemba

Wamekwenda. Asubuhi mlio wa bunduki za boma ulifika mpaka huku, kama mahindi yanayokaangwa, hauishi.

Wa kwanza kurudi ni Salum. Mbio, bila viatu, bila kilemba. Hakunitazama. Nimekaa kando ya njia nikiwahesabu wale arobaini. Nimehesabu kumi na mmoja. Nduna hayumo. Iddi hayumo.

Leo sina cha kuchekesha.

Jumatatu, 11 Septemba

Iddi yu hai! Wanawake wamemkuta kichakani, wamembeba kwa zamu siku mbili. Risasi pajani. Kajetani kaitoa kwa koleo la kiwandani, nyumbani kwa mzee Chande, nami nimeshika mguu. Iddi katukana mgawa maji, katukana koleo, katukana gunzi langu. Kisha kaniomba radhi kwa kunicheka. Sikujua nitazame wapi.

Mzee Chande haniiti mkwe. Haniiti chochote. Kesho wanahama wote, kwa ndugu zao Tunduru, na Iddi kwenye machela. Salum haendi nao. Kaniki zake zimekwisha: watu wamefungia vidonda, wamezikia.

Zabibu kaiosha ile risasi, kanitia mkononi, kanikunja vidole. Kasema niitazame kila siku, huenda nikajifunza kitu.

Nimeitazama. Nimeitazama jioni nzima. Imebonyea upande mmoja. Nikaijaribu kwenye mdomo wa bunduki yangu, na lo! Imeingia kama kidole kwenye pete. Yangu ni ya jamii moja na bunduki za boma! Kumbe nina mali kamili, na risasi yake kavu badala ya ile iliyolowa. Kajetani alisema arobaini. Pamoja na risasi, hamsini. Tena baada ya Jumatano nani ataamini maji? Kila mtu atataka bunduki! Ng'ombe watatu, wala sibanduki hapo. Wanakwenda na mgonjwa, polepole, nitawafikia njiani, Namtumbo.

Ina kutu ndani, ndiyo kasoro yake. Si kitu. Nitaisuuza alfajiri kabla sijaondoka. Bado nina nusu kibuyu.