Malalamiko ya Mume Aliyepokonywa Mke na Matumbawe

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Kupandikiza Matumbawe.

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi ni fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya ofisi yenu. Naandika kwa heshima zote. Tangu mke wangu ajiunge nanyi, nimekuwa mgane ambaye mkewe yu hai.

1. Miswaki. Ameibeba yote, anasugulia matumbawe kuyaondoa mwani. Watoto wanne wanakwenda shule wamesukutua kwa chumvi.

2. Mama yangu. Vipande vya matumbawe mnavyovifunga kwenye fremu za chuma majini mnavipa majina ya jamaa zenu. Kilichopewa jina la mama mkwe wangu kimechipua matawi saba. Cha mama yangu kilipauka, kikafa ndani ya wiki. Mama amezipata habari sokoni, na tangu Jumatatu hali chakula kwetu. Nadai uchunguzi.

3. Mimi mwenyewe. Juzi nilimwuliza mke wangu, kwa upole, kati yangu na hayo mawe mumewe ni nani. Akanijibu, "Si mawe, baba watoto. Ni viumbe hai. Na yenyewe yakivunjika hayanuni."

Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Basi ombi langu ni hili. Ikiwa kilichovunjwa na baruti za wavuvi kinastahili kushikwa kwa vidole viwili, kusafishwa kila Jumanne na kupimwa urefu kila mwezi, nami niandikwe daftarini. Nimevunjika pia. Nipeni namba, na mkaguzi wangu asiwe mwingine ila mke wangu. Ikishindikana, fremu zote zing'olewe ifikapo Ijumaa.

Nisalimie katibu, wapiga mbizi wote, na yule mrefu aliyeazima mkasi wangu akasahau njia ya kurudi.

Ni mimi, mwenye kinyongo cha adabu,
Fundi wa nyuma ya ofisi.

N.B. Kabla ya kuileta barua hii nilikwenda mwenyewe, maji yalipokupwa, nikusanye ushahidi. Nikakuta visamaki vidogo kama vifungo vya shati vimehamia kwenye tawi moja, vinaingia na kutoka kama vyenye nyumba. Nilivitazama hadi mgongo ukaungua jua. Kipande kimoja kilikuwa kimelegea. Nikakifunga kwa fundo letu la ushonaji, kikashika. Tafadhali, barua isisomwe kikaoni. Nipangieni zamu ya Jumamosi. Mke wangu msimwambie, anikute huko huko majini.